Nahodha wa Mume Wangu

Jumapili, 12 Mei

Leo mwanamke mwingine kamchukua mume wangu asubuhi na kumrudisha mchana, na aliyemwita ni mimi mwenyewe.

Anaitwa Maïté. Alikuwa mwalimu wa michezo huko kusini, karibu na milima ya mpakani na Hispania. Alipoachana na mumewe akahamia mji wa jirani, na sasa anajitolea katika chama kinachowatembeza wasioona kwa baiskeli. Baiskeli yenyewe ni ndefu kama ngazi, ina viti viwili. Mbele anakaa mwenye macho, nyuma anakaa asiye nayo, na wote wawili wanapiga pedali.

Mwezi uliopita tulijaribu sisi wenyewe, mimi na Régis. Régis ni pande la mtu, mimi nina mwili wa kuku. Mbwa alikatiza njia, nikashika breki zote mbili, tukaangukia mtaroni kwenye upupu. Régis hakusema neno baya. Alikaa humo mtaroni akipapasa kutafuta kofia yake, nami nikaapa kwamba sitampandisha tena. Ndipo nikapiga simu chamani.

Nilitarajia wataniletea mzee mstaafu mwenye kitambi. Wakaniletea mwanamke wa miaka hamsini mwenye miguu kama ya farasi wa mbio, kavaa kaptula, sauti yake inasikika hadi kwa majirani.

"Mimi ndiye nahodha," akamwambia mume wangu huku anamkamata mkono na kuuweka kwenye usukani wa nyuma. "Wewe ndiye injini. Nahodha haulizwi, injini hainung'uniki. Tumeelewana?"

Régis akacheka.

Nimeliandika neno hilo nikakaa nalitazama. Tangu macho yamzimike, miaka miwili sasa, nimemwona akitabasamu kwa adabu, kama mtu anayepokea zawadi asiyoitaka. Kucheka, hapana.

Niliwafuata kwa baiskeli yangu, tukapita msitu wa mialoni hadi bwawani na kurudi. Njia nzima nilitazama migongo miwili.

Jumapili, 19 Mei

Mvua. Hawakwenda. Nilifurahi, kisha nikamwona Régis ameweka kiganja kwenye kioo cha dirisha kusikiliza kama imekatika. Nikaacha kufurahi.

Jumapili, 26 Mei

Nimegundua Maïté anamchekesha vipi. Anamdanganya.

Mimi kila tutokapo humweleza mume wangu mambo yalivyo. Kushoto ng'ombe weupe, wengine wamelala. Kulia shayiri, imeanza kugeuka rangi. Mbele mnara wa kanisa. Namweleza kwa uangalifu kwa sababu naona ni haki yake. Leo nilijikaza nikawakaribia, nikasikia:

"Nahodha, kuna nini hapo kulia?"

"Maaskofu watatu wanaogelea bwawani. Mmoja hajavua kofia."

"Wanajua kuogelea?"

"Yule mnene anazama."

Régis alicheka hadi baiskeli ikayumba. Nikatazama kulia. Walikuwa bata.

Nyumbani, wakati anavua viatu, nikashindwa kujizuia. "Walikuwa bata," nikamwambia.

"Najua, Armelle," akasema. "Niliwasikia."

Jumatano, 5 Juni

Nilikwenda kununua mkate nikamkuta Huguette, jirani yetu, ambaye hununua mkate mmoja kwa saa nzima.

"Shoga, mumeo kanawiri siku hizi," akanianza mbele ya watu. "Kifua mbele, mashavu mekundu. Nani anampikia?"

"Mimi."

"Aa. Nikadhani ni yule dada wa kaptula." Wateja wakatazama mikate. "Bahati yako, mwenzangu, haoni. Angekuwa anaiona ile kaptula, sijui."

"Angekuwa anaona asingemhitaji."

"Ndiyo hivyo. Kila mtu na bahati yake."

Nilitoka bila mkate. Mchana nilishona pindo la gauni la harusi la mteja, nikajichoma kidole mara mbili. Wakati wa chakula nikamuuliza Régis, kama vile nauliza habari za hali ya hewa, anamfikiriaje Maïté, yaani yukoje.

Akawaza. "Mrefu. Ananukia sabuni ya limau. Na goti lake la kushoto linalia akipanda mlima."

"Linalia?"

"Kama mlango."

Nililala vizuri kwa sababu ya lile goti.

Jumapili, 16 Juni

Jua kali, vilima vingi. Walinisubiri juu ya kila kilima. Sitaki kusubiriwa.

Jumapili, 30 Juni

Régis alitaka tumkaribishe Maïté chakula. Nikapika pai ya viazi, ile yetu ya malai mengi, nikaipika vizuri kuliko siku zote ili aone huyu bwana ana nyumbani kwake. Akala vipande viwili vikubwa, akakwangua sahani, akaniuliza nimetia nini kwenye unga. Nikamwambia siagi. Sikumwambia ni siagi gani.

Kisha akasimama kuosha vyombo. Nikamwambia aache, hakuacha. Jikoni kwangu kila kitu kina mahali pake, tangu Régis apoteze macho. Kikombe chake ni mwisho wa rafu, kishikio kimeelekea ukutani. Nikamwona Maïté anakiweka katikati ya vikombe vingine. Ilikuwa ni kufungua mdomo tu. Nikanyamaza, ili kesho Régis apapase, akikose, amjue nahodha wake ni mtu wa namna gani.

Jumatatu, 1 Julai

Akapapasa, akakikosa. Akasimama kidogo na mkono hewani.

"Nahodha kahamisha bandari," akasema, akacheka peke yake hadi kahawa ikapoa.

Jumapili, 14 Julai

Sikukuu ya taifa. Meza ndefu uwanjani mbele ya ofisi ya meya, kijiji kizima, na mpiga kodiani yule yule wa kila mwaka. Maïté naye alikuja, sijui nani kamwalika. Ninajua nani kamwalika.

Mwaka jana, mahali pale pale, nilimwomba Régis tucheze. Akaniambia hapana, atawakanyaga watu. Nikaona ana haki, nikakaa naye, tukasikiliza muziki kama watu wanaosubiri basi.

Leo, kabla hata jibini haijaletwa, Maïté akasimama nyuma ya kiti cha Régis. "Injini, juu."

"Nitawakanyaga watu."

"Wana miguu miwili kila mmoja."

Akanyanyuka. Mume wangu, niliyemwosha majeraha ya upupu, akanyanyuka kwa neno moja. Akamkanyaga meya, akamkanyaga na mke wa meya, watu wakapiga makofi. Alicheza na uso juu, jasho linamtiririka. Alinipita karibu sana, nikaisikia ile harufu ya limau.

"Wanapendeza," Huguette akaninong'oneza. Alikuwa amejipatia kiti ubavuni mwangu makusudi.

"Ndiyo."

"Wewe una roho nzuri, shoga. Mimi ningekuwa nimeshamwaga supu."

Wimbo ulipokwisha Régis akarudi amenyoosha mkono mbele, anahema. "Armelle yuko wapi? Sasa zamu yake."

Nikamwambia miguu inaniuma. Haikuwa inauma. Sikutaka kuota moto uliowashwa na mtu mwingine. Mkono wake ukabaki hapo mbele yangu kidogo, kisha akautia mfukoni.

Jumapili, 28 Julai

"Septemba twende Auxerre," Régis kasema leo mezani. "Kwa njia ya mfereji. Wiki moja, tunalala kwenye nyumba za wageni. Nahodha yuko tayari."

Kijiko kikanibaki mkononi. Njia ile ni yetu. Tuliipita mwaka tuliooana, baiskeli mbili, hema moja, sufuria moja. Ilinyesha siku zote. Soksi zetu tulizikausha kwenye usukani huku tunaendesha. Hakuna mahali duniani nilipowahi kulowa na kufurahi kama kando ya maji yale.

"Ile njia ni yetu, Régis."

"Ndiyo maana nataka kurudi."

"Pamoja naye?"

Akageuza uso kuelekea sauti yangu. Huwa anakosea kidogo, anatazama bega. "Bila yeye nitaendaje, Armelle?"

Ningeweza kusema: nami. Niliukumbuka ule mtaro, nikaondoa sahani.

Alhamisi, 15 Agosti

Régis kaniomba nimshonee Maïté mfuko wa mbele, wa kuwekea ramani na miwani. Nilikusudia kushona ovyo. Vidole vikakataa, vimezoea kazi nzuri. Umetoka mfuko safi kuliko wangu.

Jumatatu, 2 Septemba

Tumeondoka. Usiku ulinyesha na mashamba yananuka majani yaliyokatwa. Wao mbele, mimi nyuma na mizigo. Mpaka mji wa Decize nimehesabiwa kama gari la mizigo. Nilipofika mto Loire nikawakuta wamekaa ukutani wanakula peachi, wanabishana kuhusu simba wawili ambao hawapo.

"Pole, dada," Maïté akanipa peachi iliyobaki. Ilikuwa nzuri. Niliila kwa hasira.

Jumanne, 3 Septemba

Mfereji. Maji ya kijani, hayaendi mbio, njia nyeupe ubavuni. Kila baada ya mwendo kuna malango ya maji, ya kupandisha na kushusha boti, na nyumba ndogo ya mlinzi yenye maua dirishani. Ni vile vile kabisa. Nilitamani kumwonyesha mtu, na mtu mwenyewe alikuwa mita hamsini mbele, anaambiwa kwamba mlinzi wa malango ni mtawa mwenye bunduki.

Jumatano, 4 Septemba

Tumepumzika Châtillon. Maïté alitaka kusafisha minyororo.

Baada ya chakula cha mchana nilikuwa dirishani juu naanika nguo. Wao walikuwa bustanini chini yangu, mikono imejaa grisi. Régis alikuwa anaongea kwa sauti ndogo, ile ambayo mimi naifahamu ya chumbani tu.

Mume wangu alikuwa dereva wa treni. Miaka miwili iliyopita alirudi nyumbani akaniambia daktari kamsimamisha kazi, macho yana ugonjwa. Hayo tu. Nikalia naye, nikajifunza kupanga vikombe.

Leo nimemsikia anamweleza Maïté mengine. Kwamba alijua macho yanakufa karibu mwaka mzima kabla ya daktari. Kwamba alificha. Alikariri njia, kila kona, kila daraja, akaendesha kwa kukumbuka, nyuma yake kuna mabehewa ya watu. Asubuhi moja ya ukungu akapita taa nyekundu bila kuiona. Aliposhtuka akafunga breki, akasimama karibu sana na treni nyingine hata akasikia abiria wa treni hiyo wanaongea. Hakuna aliyeumia. Kazini akasema breki zilichelewa. Kesho yake akaenda mwenyewe kwa daktari.

"Bado nazisikia zile sauti," akasema. "Kulikuwa na mtoto anaomba maji."

Maïté hakusema uongo wowote safari hii. Alisema tu, "Nipe hicho kitambaa," na baada ya muda, "Endelea."

Nimeishi na mtu huyu miaka ishirini na tisa. Yeye kaishi naye Jumapili chache. Nguo zimeanguka bustanini, nimekwenda kuziokota, wote wawili wakaniambia pole.

Alhamisi, 5 Septemba

Niandike kila kitu kwa mpango, la sivyo nitajitetea.

Asubuhi Régis alikuwa bafuni. Nikamfuata Maïté kwenye banda la baiskeli. Nikamwambia, kwa sauti tulivu ambayo hata mimi niliishangaa, kwamba Régis anaona aibu kumwambia mwenyewe, lakini angependa tumalizie safari sisi wawili. Kwamba njia hii ni ya ndoa yetu. Kwamba tafadhali asimuage, maana hapendi kuagana.

Alinitazama muda mrefu. Nywele zake zilikuwa bado zimelowa. "Kasema hivyo?"

"Kasema hivyo."

"Kuna basi mchana," akasema. Akatoa ramani yake kwenye ule mfuko nilioushona, akanipa. "Mbele ya njia kuna sehemu mbovu, kabla ya mahandaki yanayopita chini ya kilima. Shukeni mtembee." Akaingia ndani.

Régis nikamwambia Maïté kapigiwa simu, mama yake mgonjwa, kaondoka mbio.

"Bila kuniaga?"

"Alikuwa na haraka."

Akakaa kwenye ngazi, mikono katikati ya magoti. Nilikuwa nimesubiri tangu Mei kumwona anaumizwa na yule mwanamke. Nilipomwona nikashindwa kumtazama.

Baiskeli yangu niliiacha bandani, nikakaa kiti cha mbele cha ile ndefu. Tukaondoka. Sijui niseme nini kuhusu saa ile ya kwanza. Niliogopa kiasi kwamba meno yaliniuma. Uzito wake wote ulikuwa nyuma yangu, unanisukuma, na kulia kwetu maji. Nikaanza kumweleza: kushoto mti, mbele daraja, sasa changarawe, sasa nyumba. Manyunyu yakaanza. Nikaona korongo amesimama kwenye matete, na sijui shetani gani kaniingia, nikasema:

"Kuna... kuna twiga hapo. Kavaa miwani."

Tulikwenda mwendo mrefu kabla hajafungua mdomo.

"Acha, Armelle," akasema polepole. "Wewe hujui."

Sehemu mbovu tulitembea. Baada ya mahandaki mfereji unateremka kama ngazi, malango kwa malango, msitu pande zote. Katikati ya mteremko kuna nyumba ya mlinzi inayouza vyakula. Nikamkalisha Régis kwenye benchi chini ya paa, nikaenda kununua mkate na jibini ya mbuzi. Niliporudi alikuwa na simu gotini. Ni ile ya vitufe vikubwa, anaitumia kwa kugusa.

"Nimempigia Nahodha," akasema. "Nimuulize hali ya mama yake."

Nikauweka mkate kwenye benchi.

"Mama yake alikufa zamani. Halafu akaniuliza kanikosea nini hata nikamfukuza kwa kumtuma mke wangu."

Maji yalikuwa yanavuja kwenye malango, kelele ndogo isiyokoma. Nikakaa mwisho wa benchi.

"Ulimweleza habari za treni," nikasema.

Uso wake ukabadilika. "Ulisikia."

"Mimi ni mke wako. Miaka miwili umenificha. Yeye ukamweleza huku mnafuta grisi."

"Ndiyo."

"Kwa nini yeye?"

"Kwa sababu yeye akinidharau, nitatafuta nahodha mwingine." Alikuwa anaikunja kofia yake, anaikunjua. "Wewe ukinidharau, nitakwenda wapi?"

Sikuwa nimejiandaa kwa jibu hilo. Nilikuwa nimejiandaa kwa limau na kaptula. Nikamtazama yule mtu mkubwa, matone yanamtoka kwenye nyusi, nikatafuta ndani yangu kama namdharau. Nilikuta hasira. Nilikuta picha ya yule mtoto anayeomba maji, nayo haikuwa nyepesi. Dharau sikuikuta.

"Ulipaswa kuniambia," nikasema. "Ningekasirika, ndiyo. Ningekasirika sana. Hata sasa nimekasirika. Uliendesha watu namna ile, Régis."

"Najua."

"Lakini ningekaa."

"Hilo sikulijua," akasema.

Tukala mkate. Mwishowe akasema, "Mpigie. Si kwa ajili yangu. Aliyemdanganya ni wewe."

Nikapiga. Nikamwambia Maïté kwamba nimesema uongo, kwamba Régis hakujua, kwamba ni mimi na wivu wangu tangu siku ya kwanza. Nilitumia neno hilo, wivu. Sijawahi kulitamka kwa sauti. Basi lilikuwa halijafika, nilisikia kuku wa ile nyumba ya wageni.

"Baiskeli yako bado iko hapa?" akauliza.

"Iko bandani."

"Umeifunga?"

"Hapana."

Akakata simu.

Tulimwona jioni ikikaribia. Yaani mimi nilimwona, Régis alikuwa amekwisha kumsikia na kusimama kabla yangu. Maïté alikuwa amelowa chapachapa, juu ya baiskeli yangu, na kiti changu alikuwa amekipandisha juu kabisa. Akashuka, hakunisalimu.

"Kiti kama cha mtoto," akasema. "Injini, mko salama?"

"Tuko salama, Nahodha."

"Nani kaendesha hadi hapa?"

"Armelle."

Akatazama mteremko wote nyuma yetu, kisha akanitazama mimi kwa mara ya kwanza. Kiti changu nilikirudisha chini mwenyewe.

Ijumaa, 6 Septemba

Asubuhi Maïté alinikuta bombani najaza chupa. Alisimama pembeni, kafunga mikono.

"Tangu Mei nahisi macho yako mgongoni," akasema. "Nilinyamaza. Nilidhani utanizoea."

"Sijakuzoea."

"Nimeona. Sasa nisikilize, dada. Mumeo simtaki. Nilikuwa na wangu, akanitosha. Ninachotaka ni Jumapili zisiwe ndefu. Mtu anayecheka nikisema upuuzi, basi."

Nilimwamini nusu. Ile nusu nyingine nimeibakiza, sioni kama nina lazima ya kuitoa yote kwa siku moja.

"Samahani," nikasema. "Kwa jana."

"Sijakusamehe bado. Labda kesho kutwa." Akachota maji kwa kiganja akanywa. "Lakini sitaendesha tena ukiwa nyuma yangu. Kaa mbele."

"Nikikaa mbele sitawaona."

"Ndiyo."

Nikaenda mbele. Mwanzoni niligeuza shingo kila mara hadi ikauma, nikisikia kicheko chao na kujiuliza safari hii ni maaskofu au simba. Kisha kukawa na kona, kicheko kikapotea. Nikajisemea nipunguze mwendo. Miguu haikupunguza. Ni miaka miwili sijaendesha kwa mwendo wangu, nilikuwa nimesahau ninao. Nilipita vijiji viwili, nilipita mvuvi akanipungia mkono, nilikata upepo hadi machozi yakanitoka. Mji wa Clamecy nilifika kabla yao sana, nikaagiza kahawa, nikainywa ikiwa moto. Wala sikumweleza mtu yeyote kilichokuwepo barabarani.

Walipofika nilikuwa na aibu kidogo, kama niliyekula peke yangu.

"Ulikuwa wapi?" Régis akauliza.

"Mbele."

Usiku kabla ya kulala akanisimulia yote tena, ya treni, kuanzia mwanzo. Safari hii alinisimulia mimi. Yalikuwa mabaya kuliko nilivyoyasikia dirishani. Nilimuuliza maswali makali, akayajibu.

Jumamosi, 7 Septemba

Auxerre.

Nilitangulia tena. Baada ya mvua ya siku zile jua limetoka, mizabibu vilimani imejaa, watu wanapanga masanduku ya kuvunia. Nikafika mjini mchana, nikasimama kwenye daraja la waenda kwa miguu, makanisa nyuma yangu, nikawasubiri. Kutoka hapo unaiona njia ya kando ya mto mbali sana.

Wakatokea. Doa moja kwanza, kisha mawili. Njia ina mteremko mdogo mwishoni, wakauacha uwabebe, hawapigi pedali. Maïté mbele, kainama, macho kwenye changarawe, mdomo kaukaza kwa kazi. Nyuma yake, juu ya bega lake, uso wa mume wangu.

Tangu Mei nimekuwa nikimwona kwa nyuma. Nyumbani, mezani, ana uso wake wa nyumbani, ule wa mtu anayejihadhari asigonge kitu. Huu ulikuwa mwingine. Alikuwa ameunyanyua wote kwenye upepo, macho wazi, mdomo wazi, haogopi chochote. Ni uso aliokuwa nao kando ya mfereji ule ule, soksi zikining'inia kwenye usukani, alipogeuka kunitazama kama ningali namfuata. Nilikuwa nimeuzika.

Nikatazama watu waliokuwa darajani. Hakuna aliyekuwa anatazama upande ule. Nikamtazama Maïté, aliyeufanya uso ule uwepo, na hapo ndipo nikagundua: yeye hauoni. Kampa mgongo. Kiangazi kizima kakaa mbele yake, kasikia kicheko chake, na hajawahi kuuona hata mara moja. Wala hatauona, akiwa nahodha.

Wakapita chini ya daraja, wakasimama, Maïté akapaza sauti kunitafuta. Nikateremka na baiskeli yangu. Régis alikuwa amekwisha kuanza kuufunga uso wake, kidogo kidogo, kama mtu anayerudi ndani ya nyumba.

"Mbona unatuangalia hivyo?" Maïté akaniuliza, anajifuta jasho.

"Jua limenipiga machoni," nikamwambia.